Arthur Holmes, Mtu Aliyeipa Dunia Umri Wake

Mhariri amenitaka safari hii nijaze ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri waliokwisha fariki. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kutueleza habari za wapigania uhuru, washairi na hata mcheza mpira mmoja. Mimi ni mwalimu wa jiografia mstaafu, kwa hiyo sidhani kama yuko atakayeshangaa nikileta mtu wa mawe. Jina lake Arthur Holmes, Mwingereza, mjuzi wa elimu ya miamba. Waliosoma jiografia kidato cha tano na cha sita zamani hizo huenda wakakikumbuka kitabu chake kinene kilichokaa kwenye rafu ya walimu. Vijana wa siku hizi pengine hawajapata kulisikia jina hilo, maana somo linapofika penye kuhama kwa mabara hutajwa Mjerumani Alfred Wegener, kisha wanaruka moja kwa moja mpaka kwenye mabamba ya ganda la dunia. Katikati hapo ameachwa mtu.

Sababu ya pili ya kumchagua ni ya nyumbani. Mawe tunayoyakanyaga hapa Hale, yale magumu yenye mistari myeupe na myeusi ambayo Mto Pangani unayachonga kila masika, yamo katika ukanda mrefu wa miamba ambao aliyeupa jina ni Holmes. Na bara letu hili nusura limzike.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 huko Hebburn, kaskazini mashariki ya Uingereza, si mbali na mji wa Newcastle. Baba yake alikuwa seremala wa samani, mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Hawakuwa watu wa fedha. Walikuwa washika dini, na Biblia ya nyumbani kwao, kama nyingi za wakati ule, ilikuwa imechapishwa pembeni mwaka wa kuumbwa dunia: 4004 kabla ya Kristo. Mtoto Arthur alitatizwa na ile nne ya mwisho. Kwa nini isiwe elfu nne kamili? Nani aliyehesabu, na alihesabu vipi? Waalimu wenzangu mnawajua watoto wa namna hii. Huchosha darasani, lakini ndio wanaomfanya mwalimu arudi nyumbani akafungue kitabu.

Shuleni alibahatika. Mwalimu wake wa fizikia alimwonyesha maandishi ya Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wote Uingereza, na pia ya Eduard Suess wa Vienna, yule aliyelitunga jina la Gondwana kwa bara kubwa la kale. Kelvin alikuwa amepiga hesabu kwamba dunia ilianza ikiwa moto na imekuwa ikipoa, na kwa kupima inavyopoa alifikia umri wa miaka kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia walinung'unika. Wao waliona tabaka juu ya tabaka la mchanga na tope lililogeuka mawe, wakajua muda huo hautoshi. Lakini nani angebishana na hesabu za Kelvin?

Mwaka 1907 Holmes alikwenda London kusoma fizikia katika chuo ambacho leo ni sehemu ya Imperial College. Mwaka wa pili akachukua jiolojia, ingawa waliomwongoza walimshauri asifanye hivyo, na hakurudi nyuma tena. Alipomaliza alipata nafasi ya utafiti chini ya Robert Strutt. Wakati huo ilikuwa imekwisha gunduliwa kwamba madini ya urani hayatulii. Hujigeuza polepole, kwa mwendo usiobadilika, mwisho wake yanakuwa risasi. Hebu fikirini mtungi unaovuja tone moja moja ndani ya bakuli. Ukijua matone mangapi hudondoka kwa saa, kisha ukapima maji yaliyobaki mtungini na yaliyomo bakulini, utajua mtungi umewekwa hapo tangu lini. Mtungi ni urani, bakuli ni risasi, na vyote viwili vimo ndani ya jiwe lenyewe.

Kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake, akiponda mawe, akiyayeyusha, akipima vipande vidogo mno vya madini, na kuanza upya pale kipimo kilipokataa. Matokeo yalitoka mwaka 1911, akiwa na miaka 21 tu. Jiwe moja la Norway lilitoa umri wa miaka milioni 370. Jiwe la Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, lilitoa miaka milioni 1,640. Hesabu za Kelvin zikawa zimepasuka. Vipimo vya siku hizo vilikuwa na kasoro zake, na mengine ya kina kuhusu risasi yalikuja kujulikana baadaye, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Sasa njaa. Fedha za masomo alizokuwa akipata zilikuwa pauni 60 kwa mwaka, na London haikuwa mji wa kuishi kwa pauni 60. Mwaka huohuo wa 1911 kampuni moja ya kutafuta madini ilitangaza kazi Msumbiji kwa mshahara wa pauni 35 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Akafunga mizigo.

Akafika kaskazini ya Msumbiji, upande wa Memba, kwenye ile pwani ambayo ukiifuata kuelekea kaskazini utafika Mtwara, Lindi, Kilwa, hata kwetu Tanga. Miongoni mwa wenzake katika kazi hiyo alikuwamo kijana E. J. Wayland, mshikeni jina lake kwa sababu atarudi. Walitembea porini miezi kadhaa wakitafuta madini ya kuuza. Hawakupata kitu cha maana. Alichopata Holmes ni malaria, na baada ya malaria homa ya mkojo mweusi, ugonjwa ambao siku zile aliyeupata aliandikiwa buriani. Alizidiwa kiasi kwamba watawa waliokuwa wakimuuguza walipeleka simu ya maandishi kwao Uingereza kueleza kwamba amefariki. Taarifa ilipofika, marehemu alikuwa bado anapumua. Alipona, akapanda meli, akarudi kwao kabla mwaka haujaisha, mwembamba na mfukoni hana kitu, lakini ana mawe.

Nawaomba vijana waikumbuke habari hii ya malaria wanapopewa vitabu vyenye picha za wataalamu waliovaa makoti meupe. Malaria hiyo iliendelea kumrudia Holmes kwa miaka, na vilipokuja Vita Kuu vya Kwanza hakuchukuliwa kwenda kupigana. Wengi wa rika lake waliokwenda hawakurudi.

Mwaka 1912 alipata kazi ya kusaidia kufundisha chuoni kwake, na 1913, akiwa na miaka 23, akatoa kitabu juu ya umri wa dunia. Alioa mwaka 1914. Lakini mshahara wa msaidizi wa mwalimu haukumtosha mtu mwenye nyumba (hapa najua baadhi ya wasomaji watatikisa kichwa), na mwaka 1920 akakubali kazi ya mkuu wa jiolojia katika kampuni ya mafuta huko Burma. Alikwenda na mkewe Margaret na mtoto wao mdogo Norman. Kampuni ilifilisika. Mtoto alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu akafa, hajatimiza hata miaka minne. Mwaka 1922 wazazi walirudi Uingereza hawana mtoto, hawana akiba, na baba hana kazi.

Mtu aliyeipimia dunia umri wake akafungua kaduka mjini Newcastle, akiuza vitu vya sanaa vya Mashariki ya Mbali. Zaidi ya mwaka hakuna chuo kilichomtaka. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo na kuacha kabisa, na wala nisingemlaumu. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Durham kiliamua kuanzisha idara ya jiolojia, kikamchukua awe mkuu wake. Ukuu huo ulikuwa wa namna yake: katika idara nzima mwalimu alikuwa yeye peke yake.

Nimwache hapo Durham kidogo nieleze alivyoingia katika ugomvi wa mabara. Wegener hakuwa mwanajiolojia; alikuwa mtu wa hali ya hewa. Mwezi wa Januari 1912 alisimama mbele ya wataalamu mjini Frankfurt akasema mabara yote yalikuwa kitu kimoja, yakapasuka, yakaachana, na bado yanakwenda. Mwaka 1915 akatoa kitabu. Ushahidi wake si ule tu wa ukingo wa Afrika kulingana na ukingo wa Amerika ya Kusini, ambao kila mtoto mwenye mkasi na ramani anaweza kuuona. Alionyesha mnyama mdogo wa kale wa majini aitwaye Mesosaurus, ambaye mifupa yake iliyogeuka mawe hupatikana kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini basi, pengine hakuna. Alionyesha majani ya mmea wa Glossopteris katika mawe ya Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini. Alionyesha alama za barafu kuu katika nchi ambazo leo ni za joto.

Wakubwa wa elimu hiyo walimcheka. Mwaka 1926 ulifanyika mkutano New York wa kulizungumza jambo lenyewe, na wengi walilikataa. Lakini hawakuwa wajinga wote, ndugu zangu, na hapa ndipo mafundisho mengi huteleza. Swali lao lilikuwa la haki: nguvu gani inayoweza kulisukuma bara zima? Wegener alitaja mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Mwanahesabu Harold Jeffreys wa Cambridge alionyesha kwamba nguvu hizo ni hafifu mno, hazifai hata kidogo. Alikuwa sahihi katika hilo. Wegener alifia kwenye barafu ya Greenland mwezi wa Novemba 1930, akiwa na miaka 50, akiwa kazini, na swali halijajibiwa.

Jibu, au tuseme mlango wa jibu, lilikuwa limekwisha tolewa Uskochi. Mwezi wa Januari 1928 Holmes alisoma hotuba mbele ya chama cha wanajiolojia cha Glasgow, na hotuba hiyo ikachapishwa mwaka 1931. Kumbukeni kwamba huyu ni mtu wa urani. Alijua jambo ambalo Kelvin hakulijua, kwamba mawe yenyewe hutoa joto pale madini hayo yanapojigeuza. Kwa hiyo dunia haipoi tu kama chungu kilichoepuliwa. Ina kuni ndani. Joto hilo, alisema, ni lazima litafute njia ya kutoka, na tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, ingawa ni jiwe, huzunguka polepole sana kwa mikondo: jiwe la moto hupanda, hutambaa chini ya ganda, hupoa, kisha huzama. Mkondo ukipanda chini ya bara, hulivuta huku na huku mpaka lipasuke, na penye pengo hutokea sakafu mpya ya bahari.

Mwanafunzi atauliza, jiwe gumu linatiririkaje? Nawaambia wakaitazame barabara ya lami kutoka Segera kwenda Tanga. Lami ni ngumu. Ukiipiga kwa nyundo inavunjika. Lakini pale malori mazito yanapopita siku baada ya siku juani, lami husukumwa pembeni ikafanya mifereji na matuta, wala haijayeyuka kuwa maji. Jiwe la chini huko lina joto kuliko lami na lina muda kuliko barabara zetu. Miaka milioni 100 si mchezo.

Uzuri wa Holmes ni kwamba hakudai amemaliza. Alieleza wazi kuwa mawazo hayo ni ya kubahatisha mpaka upatikane ushahidi wa kuyapima. Na kweli hayakuwa sahihi yote. Leo wataalamu wengi huona kwamba mvuto mkubwa hutokana na bamba lenyewe: pale sakafu ya bahari iliyozeeka na kupoa inapozama chini ya bamba jingine, huvuta kilicho nyuma yake kama nguo ndefu inayoteleza kitandani. Hata hivyo fikra ya kwamba joto la ndani ndilo injini, na kwamba jiwe la chini hutiririka, imebaki palepale alipoiweka.

Walioisikia hotuba hiyo walinyamaza, wakaendelea na shughuli zao. Miaka thelathini ilipita bila jambo hilo kuwa mafundisho ya kawaida. Holmes naye akaendelea na mawe, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kwetu. Yule rafiki yake wa Msumbiji, Wayland, alikuwa mwaka 1919 ameanzisha idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Uganda. Mawe ya volkano ya kusini magharibi ya Uganda yakawa yanapelekwa Durham, na Holmes akayachungua kwa hadubini na kemia, hata mwaka 1937 akalipa jiwe moja la ajabu jina la katungaiti, kutokana na volkano ya Katunga. Urafiki wa wagonjwa wawili wa malaria ulizaa kazi ya miaka mingi.

Margaret alifariki mwaka 1938. Mwaka uliofuata Holmes alimwoa Doris Reynolds, naye ni mwanajiolojia hodari. Vita vya Pili vilipokuja, akiwa Durham, alikiandika kile kitabu tulichokitaja mwanzo, kikatoka mwaka 1944. Kilipigwa chapa mara nyingi na kufika mpaka madarasa ya Afrika Mashariki. Sura ya mwisho aliiweka juu ya kuhama kwa mabara, wakati ambapo mwalimu wa chuo kikuu aliyelifundisha jambo hilo bila kulikejeli alionekana kituko. Kwa njia hiyo wanafunzi wa dunia nzima walilikuta swali likiwa wazi. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko hotuba ya Glasgow. Hotuba ilisikiwa na watu wa chumba kimoja. Kitabu kilisomwa na kizazi kizima.

Mwaka 1943 alikwenda Edinburgh kuwa profesa. Aliendelea kuisukuma nyuma siku ya kuzaliwa kwa dunia, na mwaka 1946 alikuwa amepita miaka milioni 3,000. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson aliifikisha miaka milioni 4,550, na hapo ndipo imesimama mpaka leo kwa tofauti ndogo. Mwaka huohuo Holmes alistaafu.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi inayotuhusu sisi. Katika mkutano wa wanajiolojia wa dunia uliofanyika London mwaka 1948, na katika maandishi yaliyotoka 1951, alionyesha kwamba miamba ya kale ya Afrika haikuundwa siku moja. Kuna viini vikongwe, kama ule wa Mwanza, Shinyanga, Singida na Tabora, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Kisha mashariki yake upo ukanda uliokunjwa na kupikwa upya baadaye, unaotoka Msumbiji, unapita mashariki ya Tanzania, unaingia Kenya na kuendelea kaskazini. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Nchi iliyokaribia kumwua, na ambayo haikumpa madini, ndiyo aliyoikumbuka alipotafuta jina.

Leo tunajua zaidi. Ukanda huo ni kovu. Kiasi cha miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita pande mbili za dunia ya kale ziligongana hapa na kuungana kuwa Gondwana, na milima iliyosimama wakati huo huenda ilikuwa ya kimo cha Himalaya. Mvua na mito imekwisha ikata yote. Tunachokikanyaga Hale ni mizizi yake, mawe yaliyopikwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Milima ya Usambara tunayoiona ni ya mawe hayohayo, lakini yaliinuliwa baadaye sana, bonge zima kati ya nyufa, ndiyo maana kila kitabu cha jiografia cha Afrika Mashariki huitaja. Waliochimba kituo cha umeme cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, waliingia ndani ya miamba ya ukanda huo kuweka mitambo chini ya ardhi.

Na madini? Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, imo katika Ukanda wa Msumbiji. Garneti na johari za Bonde la Umba, huku kwetu kaskazini ya Usambara, zimo. Rubi za Montepuez, zilizoanza kujulikana mwaka 2009, zimo pia, na Montepuez iko kaskazini ya Msumbiji, si mbali sana na alikolala Holmes akisubiri kufa. Kampuni ile ilirudi mikono mitupu.

Holmes aliishi kuona mlango ukifunguka. Mwaka 1962 Mmarekani Harry Hess alieleza jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa katikati na kutanda pande mbili. Mwaka 1963 Waingereza Vine na Matthews walionyesha kwamba mistari ya sumaku katika sakafu hiyo inathibitisha jambo lenyewe. Mwaka 1964 Holmes alipewa tuzo ya Vetlesen, moja ya tuzo kubwa kabisa za elimu ya dunia. Mwaka 1965 ilitoka chapa mpya ya kitabu chake, aliyoiandika upya mzee wa miaka 75, na mwaka huohuo wataalamu wa Cambridge, Bullard na wenzake, walitumia kompyuta kuunganisha Afrika na Amerika ya Kusini, wakitumia ukingo ulio chini ya bahari badala ya ufuko tunaouona, na zikaingiana vizuri mno. Tarehe 20 Septemba 1965 Holmes alifariki mjini London. Miaka miwili au mitatu baadaye nadharia ya mabamba ilikuwa imekamilika. Chapa ya tatu ya kitabu, ya mwaka 1978, aliitengeneza mjane wake Doris.

Sasa nina neno kwa walimu vijana, maana mmoja wao ameniuliza wapi apate katika intaneti vitu vya kufundishia mada hii bila kumaliza bando lake. Vipo, tena vya bure. Idara ya jiolojia ya Marekani, ile USGS, ina kijitabu cha mwaka 1996 juu ya mabamba, chenye ramani nzuri. Kipakue mara moja ukakichape. Idara hiyohiyo ina ramani ya matetemeko ya dunia yote inayobadilika kila siku. Wape wanafunzi kazi ya kuweka nukta katika ramani ya karatasi kwa mwezi mmoja. Watauona mpaka wa mabamba ukijichora wenyewe, na hakuna filamu inayolingana na hilo. Mwenye kompyuta achukue programu ya GPlates, ambayo hurudisha mabara nyuma miaka kwa miaka. Na katika Google Earth watazame ukuta wa Usambara upande wa Mombo, ulivyonyooka kana kwamba umekatwa kwa panga.

Lakini chagueni. Michoro mingi huonyesha mabara yakielea juu ya uji mwekundu, na mtoto hutoka darasani akiamini kwamba chini yetu ni bahari ya moto. Si kweli, na Holmes hakusema hivyo. Ni jiwe linalotambaa. Michoro mingine huiweka Madagaska ya kale pale ilipo leo, mbele ya Msumbiji. Madagaska ilikuwa imegandamana na pwani ya Somalia, Kenya na Tanga yetu. Ilianza kuondoka kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, ikateleza kwenda kusini, ikatulia kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita. Na kazi haijaisha. Hale imo katika bamba la Somalia, ambalo linaachana na Afrika nyingine kwenye Bonde la Ufa kwa milimita chache kila mwaka.

Ushahidi wa safari ile ya Madagaska uko njiani kutoka hapa kwenda Tanga, na nauli yake ni ndogo. Anzeni mtoni Hale, kwenye jiwe la mistari la Ukanda wa Msumbiji. Piteni Muheza. Mkikaribia Tanga mtaingia katika mawe ya mchanga ya Karoo, yaliyorundikana wakati Gondwana ikianza kunyong'onyea na mabonde yakididimia, wakati wa yale majani ya Wegener. Pongwe, penye kiwanda cha saruji, na Amboni, penye mapango, mtakuta mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, ambayo yalitulia chini ya maji bahari ilipoingia katika pengo lililofunguka. Jiwe la bara lililoungana, jiwe la bara linalopasuka, jiwe la bahari mpya, yote kwa safari ya asubuhi moja, na jioni mko bwenini. Chukueni nyundo, gazeti la kufungia mawe, na kalamu ya kuandika mahali na tarehe juu ya kila kipande. Atakayepata jiwe la Hale lenye punje nyekundu za garneti alikabidhi kwa mwalimu wa jiografia.